Unapoletewa hati usiyoiamini ili uisaini: tujadili maadili binafsi kazini

Mwanzisha uzi

Wadau, naomba tujadili jambo ambalo huzungumzwa sana kwenye semina na kidogo mno mahali ambapo kazi yenyewe inafanyika. Karibu kila mwajiri ana orodha ya tunu zake iliyobandikwa ukutani, na karibu kila mwajiriwa, akiulizwa, atasema kwamba yeye ni mwadilifu na kwamba kuna mambo asiyoweza kuyafanya hata akipewa fedha nyingi kiasi gani. Siamini kwamba watu hao wanadanganya. Ninachoamini ni kwamba wanajibu swali ambalo kazini hawataulizwa kamwe, kwa sababu hakuna mkubwa anayekuja mezani kwako kukuuliza kama uko tayari kuwa mwizi. Anakuja na karatasi mkononi jioni ya siku ya kufunga hesabu, anakwambia kwamba wenzako wote wameshasaini, na kwamba imebaki saini yako tu ili watu waende nyumbani.

Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba maadili ya mtu kazini hupimwa kwenye saini yake, iwe ya kalamu, iwe ya kubonyeza kitufe cha kuidhinisha kwenye kompyuta, iwe ya kunyamaza kikaoni pale ambapo kunyamaza kunaandikwa kwenye muhtasari kuwa ni kuafiki. Mtu ambaye hajajiwekea mpaka kabla ya siku hiyo atawekewa mpaka na watu wengine, na utawekwa mbali sana na pale ambapo yeye mwenyewe angeuweka akiwa ametulia.

Mfano ninaourejea mara nyingi ni wa Betty Vinson, kwa sababu si mfano wa mtu mbaya. Alikuwa mhasibu wa ngazi ya kati katika kampuni ya simu ya WorldCom ya Marekani. Oktoba 2000 yeye na wenzake walitakiwa kuingiza vitabuni marekebisho ya dola milioni 828 yasiyokuwa na msingi, ili gharama za kampuni zionekane ndogo na faida ifikie kiwango ambacho wawekezaji walikuwa wanakitarajia. Vinson alisita, akaonyesha kwamba jambo hilo halikuwa sahihi, akahakikishiwa kwamba halitarudiwa, akaliingiza. Baada ya hapo alifikiria kuacha kazi, lakini mkuu wa fedha wa kampuni aliwaomba wavumilie mpaka mambo yatengemae, na nyumbani kwake yeye ndiye aliyekuwa na mshahara mkubwa kuliko mumewe na bima ya afya ya familia ilitegemea ajira yake. Robo mwaka iliyofuata ombi lile lile likarudi, na halikukoma. Mwaka 2002 kitengo cha ukaguzi wa ndani kilichoongozwa na Cynthia Cooper kiliufichua udanganyifu huo, kampuni ikaomba kinga ya ufilisi Julai mwaka huo huo, na mwaka 2005 Vinson akahukumiwa kifungo cha miezi 5 gerezani.

Tuuangalie mfululizo huo kwa makini. Dhamiri yake ilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Alijua, alisema, alifikiria kuondoka. Kilichokosekana ni uamuzi uliokwisha kufanyika kabla ya siku ile, kwamba kuna ingizo ambalo mkono wake hautaligusa kwa sababu yoyote ile. Alipoingiza mara ya kwanza, ombi la pili halikuwa tena ombi la kufanya kosa jipya. Lilikuwa ombi la kutokulianika kosa la kwanza, na hilo ni gumu zaidi kulikataa, maana anayekataa sasa anajishtaki mwenyewe.

Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, mwanasaikolojia Stanley Milgram alianza majaribio ambayo wengi wetu tumeyasikia, ambamo mshiriki aliagizwa kumpiga mtu mwingine shoti ya umeme kila alipokosea jibu, bila kujua kwamba shoti zenyewe zilikuwa za maigizo. Watu 26 kati ya 40 walifika kwenye swichi ya mwisho ya volti 450. Majaribio hayo yamekosolewa sana tangu wakati huo, hasa kwa jinsi washiriki walivyohadaiwa, na sidhani kwamba yanaeleza kila kitu kuhusu utii wa binadamu. Hata hivyo kuna mambo mawili ndani yake ambayo mtu wa ofisini hapaswi kuyasahau. La kwanza ni kwamba swichi zilipanda kwa volti 15 tu kila hatua, kiasi kwamba hapakuwa na hatua hata moja iliyoonekana kuwa tofauti sana na ile iliyoitangulia. La pili husimuliwa mara chache zaidi, nalo kwangu ndilo lenye uzito: katika toleo moja la jaribio, mshiriki alikaa na watu wengine wawili waliokuwa wameagizwa kwa siri wagome katikati ya zoezi, na hapo waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Mkubwa alikuwa yule yule, agizo lile lile, chumba kile kile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu mwingine aliyekwisha kusema hapana kwa sauti.

Kwa hiyo mtu anayetaka kulinda maadili yake kazini asijitazame peke yake. Atafute mapema mwenzake mmoja, si lazima awe rafiki, ambaye anaweza kumuuliza bila woga, “Hivi na wewe unaliona hili kama ninavyoliona mimi?”

Kuna pia suala la haraka. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa seminari ya Princeton, watu waliokuwa wanajiandaa kuwa wachungaji. Njiani kuelekea jengo jingine kutoa maelezo, kila mmoja alimpita mtu aliyejikunyata mlangoni akikohoa na kugumia. Wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, asilimia 10 tu ndio waliosimama, na wengine kati ya wanafunzi wale walikuwa wanakwenda kuzungumzia habari za Msamaria Mwema mwenyewe. Nikisoma hilo huwa sina hamu ya kuwacheka, maana ninajua ofisi inavyoweza kumgeuza mtu mpole akawa hivyo. Ukiona unaharakishwa kusaini jambo zito, haraka hiyo yenyewe ni sababu ya kutosha ya kuomba muda wa kuisoma hati upya.

Tukio la Challenger, chombo cha anga cha Marekani, linayakusanya haya yote. Usiku wa kuamkia Januari 28, 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kukirushia, akiwamo Roger Boisjoly, waliwaeleza kwa simu maofisa wa NASA, shirika la anga la Marekani, kwamba chombo kisirushwe katika baridi iliyo chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi, kwa kuwa pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi zilikuwa zinapoteza unyumbufu wake. Maofisa hawakufurahi. Thiokol wakaomba kujadiliana faragha, na humo ndani makamu wa rais wa uhandisi akaambiwa na mkubwa wake avue kofia ya uhandisi avae ya uongozi. Mameneja wakaamua peke yao, wahandisi wakiwa wamekaa pembeni. Allan McDonald, mwakilishi wa Thiokol aliyekuwapo kwenye kituo cha kurushia, alitakiwa kuusaini ushauri wa kurusha, akakataa, ikabidi mkubwa mwingine ausaini na kuutuma kwa faksi. Chombo kilirushwa kwenye nyuzi 2 hivi na kikasambaratika baada ya sekunde 73, wakafa wote 7 waliokuwamo.

Tunapokisimulia kisa hiki huwa tunamtafuta mbabe na mnyonge, na tunapitwa na jambo dogo lililomo. McDonald hakuwa na uwezo wa kuzuia safari. Alikuwa na uwezo juu ya jina lake tu, akautumia. Alipotoa ushahidi mbele ya tume ya uchunguzi alivuliwa madaraka kazini, mpaka wabunge wa Marekani walipoingilia kati ndipo aliporudishwa na kukabidhiwa usimamizi wa kusanifu upya maungio yale. Boisjoly hakupata ahueni ya namna hiyo; wenzake walimtenga, akaondoka. Nalisema hili ili mtu asidanganywe na semina kwamba ukweli hulipa siku zote.

Wakati huo huo nisingependa tubaki na picha kwamba mwadilifu ni lazima awe mtu wa kugongana na wakubwa. Frances Kelsey, daktari aliyekuwa mpya kabisa katika mamlaka ya dawa ya Marekani, alikabidhiwa Septemba 1960 maombi ya kuidhinisha dawa ya usingizi ya thalidomide, iliyokuwa inauzwa tayari katika nchi nyingi. Kwa sheria ya wakati huo, siku 60 zikipita bila pingamizi dawa ingeingia sokoni. Kelsey hakutangaza vita na mtu. Aliandika kwamba taarifa za usalama hazitoshi, akaomba nyingine, na zilipokuja zikiwa na mapengo akaomba tena, huku kampuni ikimlalamikia kwa wakubwa wake, ambao kwa heshima yao walimuunga mkono. Mwishoni mwa 1961 ikabainika kwamba dawa hiyo ilikuwa inasababisha watoto kuzaliwa na ulemavu mkubwa wa viungo. Inakadiriwa kwamba walioathirika duniani walizidi 10,000. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya balaa hilo kwa sababu afisa mmoja aliendelea kujibu barua kwa kuuliza kile ambacho kazi yake ilimtaka aulize. Kwangu huo ndio uadilifu unaofanana zaidi na kazi zetu za kila siku: ni wa kuchosha, ni wa makaratasi, na hauna wa kuupigia makofi.

Kuna jambo moja ambalo tunalichanganya mno katika mijadala hii. Tofauti ya maadili si lazima iwe uovu wa mtu mwingine. Kuna mambo ambayo ni ya dhamiri yangu peke yangu, ambayo mwenzangu mwema kabisa anaweza kuyafanya bila hatia, na hayo natakiwa kuyaombea nafasi ya kutoshiriki bila kumhukumu anayeshiriki. Kuna makosa madogo ya ofisi, kama kuchelewa au kutumia mashine ya kampuni kutoa nakala ya barua binafsi, ambayo mtu anayeyakimbiza kwa mkubwa kila asubuhi kwa jina la uadilifu anajitafutia cheo tu. Na kuna jambo linalomdhuru mtu wa tatu asiyekuwapo chumbani: mgonjwa, abiria, mteja, mlipa kodi, mfanyakazi wa chini. Hilo la mwisho ndilo nisiloona namna ya kulifumbia macho. Msemo wetu wa kufunika kombe mwanaharamu apite una busara yake katika ugomvi wa watu wawili, lakini pale ambapo anayeumia hayupo kujitetea, kombe likifunikwa anayepita salama ni mwenye kosa.

Nawakaribisha mpinge, mwongeze na mrekebishe.

Mchangiaji wa kwanza

Mwanzisha uzi, umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu ambaye mshahara wake una mbadala. Wahenga walisema mtumikie kafiri upate mradi wako, na walikuwa wanajua walichokuwa wanakisema. Mimi sikuunda mfumo wa kazi, sikupanga bei, na nikikataa kusaini atapatikana mwingine wa kusaini kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo mgonjwa au mteja unayemsema atadhurika vile vile, na watoto wangu watakuwa wamedhurika juu yake. Hao uliowataja walikuwa wahandisi na madaktari, watu ambao taaluma zao zina majina na vyama. Mtunza stoo akikataa, nani ataitisha tume ya uchunguzi kwa ajili yake?

Mchangiaji wa pili

Nimekaa katika ukaguzi wa ndani kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba niongeze upande wa vitendo, kwa sababu nimewaona watu wema wakiumia kwa kutojua utaratibu kuliko kwa kukosa ujasiri.

Kwanza, mambo mengi yanayoonekana kuwa wizi ni makosa ya kawaida, na mengine ni taratibu halali ambazo anayelalamika hajaelezwa. Ndiyo maana hatua ya mwanzo iwe swali kabla ya shutuma. Swali linaloandikwa kwa adabu, kwamba “naomba ufafanuzi wa msingi wa malipo haya ili niweke kumbukumbu sawa kwenye jalada,” linampa mkubwa mwadilifu nafasi ya kueleza, na linampa asiye mwadilifu sababu ya kufikiri mara mbili. Ukipewa agizo la mdomo lenye utata, liandikie dokezo au barua pepe fupi siku ile ile, ukisema umeelewa kwamba umeelekezwa kufanya jambo fulani na unaomba uthibitisho. Mara nyingi nimeona agizo likifutwa hapo hapo kwa sababu aliyelitoa hakutaka kulisaini.

Pili, tenganisha ulichokiona kwa macho yako na unachokihisi. Andika tarehe, namba ya hati, kiasi, na waliokuwapo; nia ya mtu waachie wachunguzi. Tatu, na hapa naomba watu wanisikilize, usibebe nyaraka za siri za mwajiri kuzipeleka nyumbani wala usizitume kwenye simu yako binafsi kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria, maana unaweza kujikuta wewe ndiye mwenye kesi na aliyeiba anakuwa shahidi. Kumbukumbu zako mwenyewe za tarehe na matukio ni kitu kingine, hizo zitunze.

Kuhusu ulinzi, Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 unasema kwamba kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia tu, na hata huko anayefukuzwa hupata haki yake baada ya muda mrefu wa kesi. Soma sheria ya nchi yako kabla hujafungua mdomo, hasa kifungu kinachosema taarifa ipelekwe kwa nani, kwa sababu katika sehemu nyingi mtu aliyetoa taarifa ile ile kwa mtu asiyestahili hupoteza kinga yote.

Mchangiaji wa tatu

Swali langu ni fupi. Itakuwaje kama jambo lenyewe ni halali kabisa kisheria, halifichwi na mtu, na bado moyo wangu hauliafiki? Ninafanya kazi ya kuwapigia watu simu niwauzie mikopo ambayo ninajua wengi wao hawataiweza. Kila kitu kimo kwenye mkataba. Hakuna cha kumripoti mtu.

Mwanzisha uzi

Nianze na mchangiaji wa kwanza. Nakubali kwamba gharama ya kukataa haifanani kwa watu wote, na ndiyo maana sikuandika popote kwamba mtu aache kazi. Ushauri wa kuacha kazi hutolewa kwa wepesi na watu wasioulipia. Lakini hoja kwamba atapatikana mwingine wa kusaini siipokei yote. Vinson naye angeweza kuisema, na ingekuwa kweli, na bado hukumu ilisomwa kwa jina lake. Mkubwa anayemtuma mtu wa chini kusaini mara nyingi anamtuma kwa sababu hiyo hasa, ili siku ya ukaguzi awepo wa kuonyeshwa kidole. Kwa mtunza stoo wako, kwa hiyo, kukataa kupokea kwa maandishi mzigo ambao haukufika ni kujilinda kabla ya kuwa wema. Anaweza kuandika alichokipokea, namba kwa namba, akasaini hicho tu. Hakumshtaki mtu, hakupandisha sauti, na anayetaka namba nyingine atalazimika kuiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kama hata hilo litamfukuzisha, basi aanze leo kutafuta pa kwenda, taratibu, akiwa bado analipwa.

Mchangiaji wa pili, nakushukuru. Nisingeweza kuyaandika hayo kwa usahihi huo.

Mchangiaji wa tatu, lako ndilo gumu kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu hapo hakuna sheria ya kuegemea na hakuna mtu wa kumshtaki. Nisingekushauri ujilazimishe kuamini kwamba mkataba umekuondolea jukumu, wala nisingekuita mwovu. Ningetazama kwanza nafasi uliyonayo ndani ya kazi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni kubwa kuliko maelekezo unayosomewa. Unaweza kumtajia mteja jumla ya fedha atakayorudisha kabla hajakubali, hata kama karatasi yako inakutaka utaje rejesho la mwezi tu. Unaweza kumuuliza kipato chake na ukanyamaza mpaka ajibu. Utauza kidogo kuliko wenzako, na hapo utajua mambo mawili kwa uhakika: kama mwajiri wako anavumilia muuzaji mkweli, na kama wewe unaweza kuishi kwa kamisheni hiyo. Akikuita kukuonya kwa sababu umemtajia mteja jumla ya deni, omba onyo hilo uandikiwe kwenye barua. Ukiipata, anza kuomba kazi sehemu nyingine, na huko kwenye usaili, wakikuuliza sababu ya kuhama, utakuwa na jibu lenye karatasi.